Dume Huyu si Hanithi

Wataalamu wa wadudu wanayo mbinu moja ya kupambana na nzi wa matunda ambayo, kwa maoni yangu, itafaulu au itakwama katika vijiji vyetu kwa sababu ya neno moja. Mbinu yenyewe si ngeni duniani. Nzi hufugwa kwa mamilioni, madume wakapigwa miali ya gama ili mbegu zao ziharibike, kisha wakaachiliwa mashambani wapandane na majike wa porini. Jike aliyepandwa na dume wa namna hiyo hutaga mayai yasiyoanguliwa. Jambo hilo likirudiwa kizazi baada ya kizazi, nzi hupungua bila shamba kunyunyizwa sumu. Neno ninalolizungumzia ni lile la kumwita dume huyo.

Mimi si mtaalamu wa wadudu. Kwetu Uriri, katika Kaunti ya Migori, huitwa daktari, na wapo majirani ambao bado huniletea kuku mwenye kideri wakitaraji nitamtibu. Udaktari wangu ni wa isimu. Ninatibu maneno, na hayo pia si mara zote yanapona. Lakini mwaka jana, nikiwa likizoni, nilihudhuria baraza ambalo afisa mmoja wa ugani aliwaeleza wakulima njia za kukabiliana na nzi wa matunda. Alizungumza vizuri kuhusu mitego, na kuhusu kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia au kuyafunga katika mfuko mweusi juani ili mabuu wafe kwa joto. Alipofika kwenye mbinu hii ya madume, akasema kwamba katika nchi nyingine mashamba huachiliwa “nzi mahanithi”.

Watu waliangua kicheko. Mzee mmoja aliinuka, akavua kofia, akauliza kwa utulivu: “Nyathina, hanithi ataoaje? Na hao majike watamngoja yeye, au watawaendea wanaume wa kweli?” Kicheko kilizidi, afisa akacheka pia, na mazungumzo yakahamia kwenye mbolea ya ruzuku.

Ninasikitika kwamba swali lile lilipotea katika kicheko, kwa maana lilikuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Mzee hakuwa akifanya mzaha. Aliuliza lile ambalo wanasayansi wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka sitini: jike wa porini atamkubali vipi dume aliyelelewa kiwandani, akapigwa miali, akasafirishwa ndani ya boksi, ilhali palepale mtini yupo dume mwenzake wa porini mwenye nguvu zake zote? Kama dume huyo angekuwa hanithi kweli, mbinu nzima ingekuwa upuuzi, na mzee angekuwa na haki ya kuicheka.

Kabla sijaendelea na maneno, inafaa msomaji amfahamu mdudu mwenyewe. Katika maboma yetu, kuanzia Uriri hadi pande za Homa Bay, aghalabu humsikii mtu akilalamika kuhusu nzi wa matunda. Utamsikia akilalamika kuhusu funza wa maembe, au funza wa mapera. Jina limefuata kile kinachoonekana. Mtu hupasua embe lililoiva, akakuta mabuu weupe wakijinyonganyonga ndani, na wako watu wazima wanaoamini kwamba mabuu hao huzaliwa na embe lenyewe mvua ikizidi. Nzi aliyelitoboa embe hilo siku kadhaa kabla, likiwa bado mtini, akaingiza mayai yake chini ya ganda, hakuna aliyemwona. Ndiyo maana kumwambia mkulima kwamba utamletea nzi zaidi ili kupunguza funza ni kumpa fumbo lisilofumbuka. Tena ni jike peke yake anayetoboa tunda. Dume hana chombo cha kutobolea; hata ukiachilia madume elfu kumi katika shamba, hakuna embe hata moja litakaloharibika kwa sababu yao. Hili nalo halikusemwa barazani.

Nzi anayetusumbua zaidi leo aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, katika eneo la pwani, na wataalamu wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na ambacho kina kampasi yenye jina lake huko Mbita, Kaunti ya Homa Bay. Nzi huyo alikuwa ametoka Asia. Mwaka 2005 alipewa jina la kisayansi la Bactrocera invadens, yaani mvamizi, na kwa hakika alivamia: katika miaka michache alikuwa ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika Umoja wa Ulaya kwa ajili ya nzi wa matunda, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi mwaka 2021.

Hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Jina hilo la mvamizi halikudumu. Uchunguzi wa maumbile, wa jeni na wa tabia ya kupandana ulionyesha kuwa mvamizi wetu ni yuleyule nzi wa Asia aliyekuwa akijulikana tangu zamani kwa jina la Bactrocera dorsalis, na mwaka 2015 majina hayo mawili yalikuwa yameshaunganishwa kuwa moja. Mtu anaweza kudhani kwamba huo ulikuwa ugomvi wa maprofesa. La hasha. Ikiwa ni nzi wawili tofauti, basi dume aliyefugwa Asia hafai kwa jike wa Afrika, na kila utafiti uanze upya. Ikiwa ni nzi mmoja, basi yale ambayo wenzetu wa Thailand au Hawaii wamejifunza juu ya madume wao yanatufaa sisi pia. Jina lilifunga mlango, na jina likaufungua. Kadhalika yuko yule anayeitwa nzi wa Mediterania, adui mkubwa wa machungwa ya Marekani na Ulaya, ambaye asili yake ni Afrika hii yetu. Aliitwa hivyo kutokana na nchi alikojulikana kwa uharibifu, si kutokana na nchi alikotoka. Kwa hiyo sisi tulimpa dunia nzi mmoja, na dunia ikatulipa mwingine.

Asije mtu akafikiri kuwa kupambana na wadudu kwa kutumia madume wao ni ndoto ya nchi tajiri. Wazo lilitoka kwa Mmarekani Edward Knipling, na mwaka 1954 lilithibitishwa katika kisiwa cha Curaçao dhidi ya nzi anayekula vidonda vya mifugo. Huko Okinawa, Japani, nzi wa matikiti alimalizwa kwa njia hii kufikia mwaka 1993. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Unguja. Kati ya mwaka 1994 na 1997, zaidi ya madume milioni 8 wa mbung'o waliofugwa Tanga waliachiliwa kwa ndege juu ya kisiwa hicho, baada ya wadudu hao kupunguzwa kwanza kwa mitego ya vitambaa na dawa za kupaka mifugo. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Ng'ombe wa Unguja wakapona nagana. Watu wa Homa Bay wanaoishi kando ya Bonde la Lambwe, wanaomjua mbung'o kwa jina la maugo na waliopoteza jamaa kwa malale, hawahitaji kuelezwa thamani ya habari hiyo. Kwao, mwaka 1981, ndege zilinyunyiza sumu ya endosalfani. Maugo walipungua, kisha wakarudi.

Sasa tulirudie swali la mzee, na tulijibu kwa hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaiweza. Tuseme katika bustani moja kuna majike 100 wa porini na madume 100 wa porini. Tunaachilia madume wetu 900. Kama kila dume wetu ni hodari sawa na wa porini, basi katika kila madume 10 ni mmoja tu mwenye mbegu hai. Majike 10 peke yao ndio watakaotaga mayai ya kuanguliwa. Tuseme kila mmoja wao atapata majike watano watakaokua. Kizazi kijacho kitakuwa na majike 50. Tumeshinda nusu ya vita. Lakini ikiwa dume wetu ni dhaifu, na wanahitajika kumi kufikia uhodari wa dume mmoja wa porini, basi madume wetu 900 wana thamani ya 90 tu. Majike takriban 53 watawaendea “wanaume wa kweli”, kama alivyosema mzee, na kizazi kijacho kitakuwa na majike 265. Tumetumia fedha nyingi, tumeachilia nzi 900, na nzi wameongezeka zaidi ya maradufu.

Hiyo ndiyo sababu utafiti wa siku hizi hauhangaiki sana na idadi ya madume. Unahangaika na ubora wao. Na humo mna mambo ya kustaajabisha.

Kwanza ni kipimo cha miali. Ukizidisha, mbegu zinaharibika kabisa lakini na dume mwenyewe anadhoofika, hawezi kuruka wala kuchumbia. Ukipunguza, dume ana nguvu lakini baadhi ya mayai yataanguliwa. Wataalamu huwapiga miali wakiwa bado ndani ya ganda, siku moja au mbili kabla ya kutoka, na mara nyingi katika hewa yenye oksijeni kidogo, kwa kuwa hapo mwili haudhuriki sana. Pili ni chakula. Zamani dume aliyekaribia kuachiliwa alipewa maji na sukari tu. Imebainika kwamba akipewa na protini huwa mchumba bora zaidi, jambo ambalo mama yeyote mwenye kijana anayekua angeweza kuwaambia bure. Yapo pia majaribio ya kuwarudishia bakteria wema wa tumboni, ambao hali ya kiwandani na miali huwavuruga.

Kisha kuna manukato. Dume wa Bactrocera dorsalis hupenda kupita kiasi kemikali iitwayo methili eujenoli, ambayo hupatikana katika maua na majani ya mimea kadhaa, zikiwemo baadhi ya aina za mrihani. Huila, mwili wake huigeuza, na jioni jua linapotua, ambao ndio wakati wake wa kupandana, huitoa kama harufu ya kumvutia jike huku akipeperusha mabawa. Dume aliyelishwa kemikali hiyo kabla ya kuachiliwa hukubaliwa na majike zaidi kuliko asiyelishwa. Kwa nzi wa Mediterania, mafuta ya tangawizi hufanya kazi ya namna hiyohiyo: boksi la madume huwekwa tone la mafuta hayo, wakavuta harufu yake, na bahati yao kwa majike ikaongezeka. Dada zetu wa pwani wanaojifukiza udi kabla ya arusi hawatashangaa.

Jambo hili lina faida nyingine kwa mkulima ambaye tayari ametundika mtego wa methili eujenoli mwembeni. Mtego huo huwavuta madume na kuwaua. Mtu angedhani basi kwamba utawaua na madume wetu tuliowagharimia. Lakini dume aliyekwisha kushiba kemikali hiyo hauendei mtego kwa pupa kama mwenye njaa nayo, na kwa hiyo mitego na madume vinaweza kutumika kwa wakati mmoja.

Lililo gumu kuliko yote, nadhani, ni adabu za uchumba. Nzi akifugwa vizazi vingi katika vizimba vyenye msongamano, uchumba wake hufupika. Kizimbani hakuna haja ya kubembeleza, wote wamebanana. Jike wa porini hakuzoea hayo. Anataka aonyeshwe mabawa, anuse harufu, asubiri, achague. Dume wa kiwandani anapomrukia bila utangulizi, humkimbia. Hivyo wafugaji hulazimika kuingiza damu ya porini katika ukoo wao mara kwa mara, na kuupima uchumba wenyewe, kwa kuwaweka madume wa aina zote mbili pamoja na majike chini ya mti uliofunikwa chandarua na kuhesabu nani amechaguliwa. Hata baada ya kupandwa, jike aliyepandwa na dume hafifu hurudia hamu mapema na kutafuta mwingine. Dume hodari humfanya atulie kwa muda mrefu zaidi.

Mdudu ninayemwelezea hapa basi anaruka, anachumbia, anashindana, anashinda, anapanda na anamwacha jike ametosheka. Huyo ndiye tunayemwita hanithi?

Kamusi zetu ziko wazi. Hanithi ni mwanamume asiyeweza tendo la ndoa. Huyu wetu analiweza. Kasoro yake iko mbele ya hapo, ndani ya mbegu. Isitoshe hanithi ni tusi, na tusi halifundishi kitu. Wapo wanaosema “dume aliyehasiwa”. Hilo ni kosa la namna ileile, ingawa limevaa koti la ufugaji. Kila mkulima wa Uriri aliyelima kwa jembe la kukokotwa anamjua maksai: ni mpole, ni mnene, na hana habari na mitamba. Ukimwambia kuwa nzi wako ni kama maksai, umemwambia kwamba hatapanda.

Neno tasa linapendwa na vitabu. Lakini kwa asili yake tasa ni jike asiyezaa. Kulitumia kwa dume ni kulinyoosha, japo wanahisabati wamelinyoosha zaidi na kutupatia namba tasa. Hofu yangu kubwa juu yake ni ya kijamii. Mwaka 2014 nchi hii ilitikisika kwa mabishano kuhusu chanjo ya pepopunda, pale maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kuwa ina kitu cha kuwafanya wanawake wasizae, nayo serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Simfufui marehemu huyo ili kuhukumu kesi yake. Ninakumbusha tu jinsi neno utasa linavyoweza kumfanya mama asimpeleke mtoto kliniki. Sasa mwendee mama huyohuyo umwambie kuwa utaachilia nzi wa utasa juu ya maembe ambayo wanawe watakula. Tunda halitakuwa na dosari yoyote, na nzi mwenyewe hatakuwa na mnururisho wa kumdhuru mtu, kwa kuwa miali ya gama hupita mwilini mwake kama mwanga upitavyo kiooni, haibaki ndani. Lakini kabla hujayaeleza hayo yote, neno litakuwa limeshafika sokoni.

Limebaki mgumba. Hili ni zuri kwa upande wa maana, kwa sababu humhusu mume na mke, na halisemi lolote juu ya nguvu za mtu. Kijaluo nacho kina migumba, na msomaji anaona mwenyewe ukaribu wa maneno hayo mawili. Barazani Uriri lisingehitaji mkalimani. Lakini katika vijiji vyetu wamo watu wasio na watoto, na maumivu yao tunayajua. Sioni kwa nini tuchukue jina la maumivu yao tumbandike nzi, kisha watoto wa shule walirudi nalo nyumbani wakalirusha mezani.

Maneno haya yote yana kasoro moja inayofanana, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Yote humtaja dume kwa kile anachokosa, ilhali mbinu inategemea kile anachotenda. Mkulima anahitaji jina la kitendo. Na Kiswahili kinalo. Kila boma lenye kuku linajua yai viza: kuku amelalia, siku zimetimia, wenzake wameanguliwa, lenyewe halina kifaranga. Viza pia ni kitenzi; kuviza ni kuzuia kitu kisikue, kukiharibu kabla hakijafika. Kwa kanuni ile ambayo kulima hutupa mlima na kusoma hutupa msoma, kuviza hutupa mviza. Dume mviza, madume waviza. Ni dume anayempanda jike kwa nguvu zake zote, na mayai ya jike huyo yakawa viza. Jina linaeleza mbinu, linaeleza matokeo, halimtusi mtu, na linatokana na kitu ambacho bibi kizee na mtoto wa darasa la nne wamekiona kwa macho. Kama lingetumika siku ile barazani, mzee angeuliza swali lilelile juu ya majike, lakini afisa angekuwa na jibu la kumpa.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wanafunzi wangu: viza ni hati ya kuingilia nchi za watu. Ni kweli, na maneno hayo mawili yataishi pamoja kama yanavyoishi paa wa porini na paa la nyumba. Wapo pia watakaosema kwamba istilahi huundwa na mabaraza ya lugha, si na mhadhiri mmoja gazetini. Nami ninakubali. Lakini mabaraza huchelewa, na wadudu hawachelewi. Nchini Afrika Kusini, madume waviza wa nzi wa Mediterania wamekuwa wakiachiliwa juu ya mashamba ya matunda ya Rasi ya Magharibi tangu miaka ya 1990 ikielekea ukingoni. Teknolojia inakaribia, na mwaka 2021 watafiti walitangaza kuwa wameipata jeni inayofanya ganda la nzi mchanga kuwa jeupe badala ya kahawia, katika aina tatu za nzi wa matunda, mmoja wao akiwa huyu wetu. Rangi hiyo huwezesha mashine kuwatenga majike wakiwa bado ndani ya ganda, ili waachiliwe madume watupu. Kazi inayofanywa kwa mamilioni ya nzi kwa juma haiwezi kungoja kikao cha mwisho wa mwaka.

Walimu wa Kiswahili wanaweza kuanza sasa. Somo la isimujamii linazungumzia sajili, na mara nyingi tunaishia kwenye sajili ya hospitali na ya mahakama, mifano ileile ya miaka yote. Wape wanafunzi maneno haya matano: hanithi, maksai, tasa, mgumba, mviza. Waambie wamweleze mkulima mbinu hii kwa kila moja, wamsikilize mwenzao anayeigiza mkulima, waone ni wapi anacheka, ni wapi anaogopa na ni wapi anauliza swali. Mwalimu wa sayansi akialikwa katika kipindi hicho, atasahihisha hesabu.

Na akija, atakumbana na neno jingine ambalo sina dawa yake. Hatua ile ya nzi aliye ndani ya ganda, kati ya buu na nzi mzima, wanasayansi wengi wanaiita pupa, nalo katika Kiswahili ni haraka na tamaa. Hakuna kiumbe aliyetulia kuliko pupa. Aliye na neno bora zaidi kwa hatua hiyo, au aliye na neno linaloshinda mviza, alilete katika safu hii.